Barabara Ikifungwa, Mshahara Usikatwe

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Athi River)



Sisi watu wa Machakos twajua habari ya njia kumpita mtu. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 haikuingia mji wa Machakos, na mji ukabaki kando. Lakini leo twasema juu ya njia tuliyo nayo, inayofungwa mbele yetu asubuhi tukienda kazini.

Mnakumbuka barabara ya juu, itokayo Mlolongo mpaka Westlands, kilometa 27. Kazi yake ilianza 2020, na magari yakaanza kupita Mei 2022. Wakati huo barabara ya Mombasa chini yake ilikuwa ikifungwa upande huu, ikifunguliwa upande ule. Jana ulipita hapa, leo umekuta mapipa na udongo. Tulitoka nyumbani saa kumi usiku, na bado tulichelewa. Wengine tulishuka matatu tukatembea katika vumbi, tukivuka mahali pasipo kivuko.

Hatupingi ujenzi. Barabara ni mali ya wote, na wanaoijenga ni wafanyakazi wenzetu. Tunalouliza ni namna ya kuifunga.

Sisi wa reli tuna desturi yetu. Genge likitaka kubadili mataruma, haling'oi tu. Kwanza notisi ya maandishi hufika stesheni: njia itafungwa saa ngapi mpaka saa ngapi. Kisha mshika bendera nyekundu husimama mbali, dereva apate nafasi ya kusimamisha gari. Kazi ikiisha, njia hukaguliwa kwanza, ndipo ifunguliwe. Basi ikiwa gari moshi lapewa heshima hiyo, mbona mtu aendaye kwa miguu asipewe?

Jambo la pili ni mshahara. Mwenzetu mmoja alichelewa saa moja na nusu kwa sababu ya njia kufungwa. Alifanya kazi mpaka jioni, lakini mwisho wa mwezi akakuta siku nzima imekatwa. Akaona haya kuuliza. Ndugu, hapo hapana haya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara wa siku kwa mtu aliyekosa kazini siku nzima, bila ruhusa wala sababu ya halali. Aliyechelewa si sawa na asiyekuja.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu. Kwanza, andikeni tarehe, saa, na mahali njia ilipofungwa. Pili, mpigieni simu msimamizi mapema, msingoje mpaka mfike. Tatu, mkikatwa, leteni karatasi ya mshahara kwa katibu wa tawi upesi. Mtu mmoja akilalamika huitwa mvivu. Arobaini wakileta karatasi zenye tarehe moja, huo ni ushahidi.

Nasi wa kamati tutawaandikia wajenzi: notisi ibandikwe mapema, kwa Kiswahili, kwenye stendi za matatu, njia ya waendao kwa miguu iachwe wazi, na taa ziwashwe usiku.

Barabara ya juu imekwisha, lakini nyingine zitafungwa kesho na kesho kutwa. Zikifungwa, zitukute tumejipanga.

Umoja ni nguvu.