Siku Tatu za Kwanza za Mgonjwa wa Kiharusi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka kwa niaba ya Kamati)



Tumepewa nafasi hii ili tueleze azimio ambalo Kamati italileta mbele yenu baada ya chai, nalo ni hili: kwamba fedha za Chama zisitumiwe kumsafirisha mgonjwa wa kiharusi kwenda nyumbani kabla ya siku tatu kupita tangu augue, ila kwa ruhusa ya daktari. Twajua kwamba baadhi yenu mtaliona kali. Desturi yetu ni kuchanga nauli upesi ili mgonjwa akauguzwe na watu wake, wala hatuilaumu. Lakini kiharusi kina hila yake.

Mara nyingi ugonjwa huu huletwa na bonge la damu lililoziba mshipa wa kichwani. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu kabisa hufa kwa muda mfupi. Ile iliyo kando yake huendelea kuishi kwa shida, ikipata damu kidogo kwa vijia vya pembeni, kama shamba lililo mwisho wa mfereji wakati wa kiangazi. Mgonjwa aweza kuinua mkono asubuhi na kuomba uji, jamaa wakashukuru. Jioni mkono ukaanguka na ulimi ukawa mzito. Mabadiliko ya namna hii hutokea hasa katika siku mbili tatu za kwanza, na ndani ya basi la usiku hakuna awezaye kuyatibu.

Je, yawezekana kujua mapema ni nani aliye hatarini zaidi? Kwa sehemu yawezekana, kwa kuipima mishipa ya damu yenyewe. Kipimo cha presha mnakijua nyote. Mishipa mikubwa ya shingo nayo hupimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, bila kisu wala maumivu. Mshipa uliozibwa asilimia 70 au zaidi ya upana wake ni jambo la hatari. Wengine huhitaji kupasuliwa, na faida huwa kubwa zaidi ikifanywa katika majuma mawili ya kwanza. Tena presha ya kifundo cha mguu hugawanywa kwa ile ya mkono. Jibu likiwa chini ya 0.9, mishipa ya miguu imekuwa myembamba, na ya kichwani yashukiwa vilevile. Mwisho ni mwendo wa mapigo ya damu, maana mshipa mgumu huyapitisha upesi kuliko ulio laini. Mwaka 2012 madaktari wa Japani walichapisha uchunguzi juu ya viharusi vidogo vya ndani ya ubongo, wakaona kwamba wenye mishipa migumu ndio waliozidiwa zaidi baada ya kulazwa.

Vipimo hivi si ramli. Mwenye vipimo vizuri aweza kuzidiwa, na mwenye vibaya akapona. Kazi yake ni kumwonyesha muuguzi kitanda cha kukirudia mara kwa mara.

Kuna jambo moja twaomba likome: kumpa mgonjwa vidonge vya presha vya jirani. Presha ikishushwa ghafula, vile vijia vya pembeni hukosa nguvu ya kupitisha damu. Aliyezibwa mshipa, asiyepewa dawa ya kuyeyusha bonge, mara nyingi madaktari huiacha presha yake ilivyo maadamu haijapita 220 kwa 120. Atakayepewa dawa hiyo, huteremshwa kwanza chini ya 185 kwa 110, naye yampasa kufika mapema, kwa kuwa kwa kawaida hutolewa katika muda usiozidi saa 4 na nusu tangu dalili kuanza. Na kama damu imevuja kichwani, matibabu ni mengine kabisa. Picha ya kichwa ndiyo itakayotofautisha, si macho yetu.

Basi Kamati yaomba nauli ile ile ilipie picha na kipimo cha shingo, na kumleta ndugu mmoja kutoka nyumbani akae na mgonjwa hospitalini. Mzee atakayetaka kujua hesabu, Mweka Hazina anavyo vitabu mezani.