Kumwosha Mbwa Mkali: Hotuba kwa Wenye Mbwa wa Migori na Homa Bay

Mabibi na mabwana wenye mbwa, nanyi vijana mnaoosha mbwa wa watu kwa malipo,

Nimeombwa niseme juu ya mbwa wakubwa ambao hugeuka kuwa wakali washikwapo ili waoshwe na kutolewa kupe. Huenda wengine wakacheka, wakiuliza ni nani aoshaye mbwa. Lakini nchi hii, tangu nyasi za bonde la Lambwe hata mashamba ya miwa ya Awendo, ni nchi ya kupe, na kupe hawamtafuti ng'ombe peke yake. Mbwa hupata homa kwa ajili yao, akakonda, ufizi wake ukawa mweupe, akafa. Kisha jirani akashukiwa kwamba amemtilia sumu.

Yafaa mjue kwanza kwamba mbwa aumaye wakati wa kuoshwa, mara nyingi hana ubaya: anaogopa, au ana mahali panapomwuma. Mbwa yule mkubwa mnayemfunga mchana kutwa na kumfungulia usiku hajapata kuguswa masikio wala nyayo tangu utoto wake. Siku moja yuaja kijana asiyemjua, amshika shingo, ammwagia maji, kisha avuta kupe aliyejizika katika sikio lenye kidonda. Atafanya nini ila kutumia meno aliyopewa?

Tena mbwa huonya kabla ya kuuma. Mwili hukakamaa, mdomo uliokuwa wazi hufungwa ghafula, hugeuza uso pembeni hata weupe wa jicho ukaonekana, hujilamba midomo wala hakuna chakula. Ndipo hunguruma. Hapo wengi hukosea, kwani humpiga fimbo kwa kuwa amenguruma. Mbwa aliyepigwa hivyo hujifunza kunyamaza tu, wala hajifunzi upole; na mbwa aumaye bila kunguruma ndiye wa kuogopwa kuliko wote. Basi akinguruma, ondoa mikono, rudi nyuma hatua moja, mwache atulie, kisha uanze mahali pengine pa mwili.

Kamba na ishikwe na mwenye mbwa mwenyewe, asimtume mtoto. Asimame karibu na kichwa, ubavuni, aseme naye kwa sauti ya kawaida, asimkodolee macho. Mwoshaji aanze mabegani na mgongoni, kwa maji yaliyopata joto la jua, akiyamimina kwa kopo polepole. Kichwa na masikio viwe vya mwisho. Watoto wakae mbali, kwa maana makelele yao humzidishia hofu.

Kwa mbwa anayejulikana kuwa huuma, mfungeni mdomo kabla hajakasirika. Chukueni kitambaa kirefu kama mita moja, mfanye kitanzi, mkipitishe juu ya pua, mkikaze kiasi, mpishanishe ncha zake chini ya kidevu, mkazifunge nyuma ya masikio kwa fundo lifunguliwalo kwa kuvuta mara moja. Lakini angalieni sana: mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, bali hupoza mwili kwa kuhema. Mbwa aliyefungwa mdomo katika jua la saa sita la Homa Bay aweza kufa kwa joto. Kwa hiyo fanyeni kazi asubuhi, kivulini, kwa dakika chache tu. Akikataa mara mbili, mwacheni hata siku nyingine. Mwenye vidonda vibaya apelekwe kwa daktari wa mifugo, ambaye ana sindano ya kumtuliza. Mtu asimpe dawa za usingizi za watu, wala pombe.

Wale wanaokaa Mbita na Kendu Bay watasema ziwa liko karibu, ya nini ndoo? Ziwa lina kichocho, lina mamba na viboko, na mtu anayeshindana na mbwa mwenye hofu hana macho ya kutazama nyuma yake. Dawa ya josho la ng'ombe nayo isitiwe kwa kukisia. Mbwa hujilamba, na kipimo kimfaacho ng'ombe chaweza kumwua. Mwulizeni afisa wa mifugo ni dawa gani na kiasi gani.

Sasa nitasema neno zito kuliko hayo yote. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika Kenya mwaka 1912, katika mbwa wa kando ya Nairobi, na hata leo hakijatoka. Mwaka 2014 Serikali ilitangaza mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huo ifikapo 2030, nao wategemea mbwa wasiopungua 70 katika kila 100 wachanjwe. Mwoshaji mwenye akili huuliza kwanza, "Mbwa huyu amechanjwa lini?" Asipoonyeshwa cheti, akatae kazi, hata malipo yakiwa mazuri.

Ukiumwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, muda wa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku ile ile ukachanjwe. Usipake majivu wala mafuta ya taa. Usingoje kuona kama utaugua: ugonjwa huo waweza kukaa kimya wiki nyingi au miezi, nao ukijionyesha, karibu kila mtu hufa. Wala msimwue mbwa mara moja kwa hasira. Mfungeni mahali salama, mkampashe habari afisa wa mifugo, mbwa aangaliwe siku 10. Akiwa mzima siku hizo zikiisha, hakuwa na kichaa katika mate yake alipouma. Akifa, afisa ndiye atakayeshughulikia kichwa kipelekwe kupimwa, kama vile katika maabara ya Kabete. Ninyi msikiguse kwa mikono mitupu.

Naona mbwa wa kwanza ameletwa pale chini ya mti, na mwenyewe amempa mwanawe kamba. Tafadhali, mzee, ishike wewe, nasi tutaanza.