Vijiwe Ndani ya Ini na Kazi ya Kisu

Vijiwe vya nyongo kwa kawaida hukaa katika mfuko wa nyongo, na kuutoa mfuko huo huwa ndiyo tiba. Vinavyokwama katika mifereji ya ndani ya ini ni shida nyingine kabisa, maana mfuko ukitolewa vyenyewe hubaki palepale.

Vijiwe hivyo huwa vya rangi ya kahawia, laini, na hubomoka vikibanwa na koleo. Kijiwe kikikatwa, katikati yake mara nyingine hukutwa mayai au kipande cha mnyoo mkubwa wa tumbo. Hapo ndipo jambo hili linapolihusu jiji la Bukavu, mashariki mwa Kongo. Katika mitaa iliyosongamana kama Kadutu, ambako maji safi na vyoo havitoshi, minyoo hupata njia rahisi ya kuingia matumboni mwa watoto. Mnyoo hupanda kutoka utumbo mdogo, huingia katika tundu la mfereji wa nyongo na kufia humo. Bakteria huivunja nyongo, na rangi yake hushikamana na kalisi hadi kuwa jiwe.

Maumivu chini ya mbavu za kulia, homa ya kutetemeka na macho ya manjano: dalili hizi tatu daktari Jean-Martin Charcot wa Ufaransa alizieleza pamoja mwaka 1877. Mwenye nazo asikawizwe nyumbani kwa kudhaniwa ana malaria tu, kwani usaha ndani ya mifereji huua. Kwanza hupewa antibiotiki na nyongo iliyoziba hutolewa. Upasuaji mkubwa husubiri homa itulie.

Daktari hufungua mfereji mkuu, huvitoa vijiwe na kuuosha, kisha huacha mpira wenye umbo la T unaomwaga nyongo katika kifuko cha nje. Baada ya wiki mbili hivi, dawa ya rangi hupitishwa humo na picha ya eksirei huonyesha kama kuna kilichosalia. Lakini mfereji uliosinyaa ukiachwa vilevile, vijiwe hurudi. Kwa hiyo sehemu ya ini iliyoharibika, mara nyingi ya kushoto, hukatwa, au mifereji huunganishwa na utumbo mdogo kwa njia ya daktari mpasuaji César Roux wa Lausanne.

Hospitali ya Panzi jijini Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imefanya upasuaji wa kamera pamoja na daktari mpasuaji Guy-Bernard Cadière wa Brussels. Kwa vijiwe vilivyo ndani ya ini, hata hivyo, upasuaji wa wazi bado una nafasi kubwa.

Kipande cha ini kilichokatwa hupimwa kwa hadubini, kwa sababu vijiwe vya miaka mingi vinaweza kuzaa saratani ya mifereji. Mgonjwa hupewa dawa ya minyoo, na hurudi kwa ekografia kwa miaka kadhaa.