PIKAPU YETU: TUTENGENEZE KWANZA KINACHOUA, SURA ITANGOJA

(Maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano mkuu wa wanachama wa ushirika. Yameandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.)



Nimepewa nafasi niseme juu ya pikapu yetu, ile Toyota Hilux, iliyogongana na Kenta pale kwenye kona ya kalavati. Nasema kama mwanachama mwenzenu. Uamuzi ni wa mkutano huu, siyo wa Katibu. Lakini kabla hamjanyoosha mikono naomba tuelewane, maana tangu ajali ile maneno yamekuwa mengi kilabuni, kisimani na njia nzima ya shamba. Wako wanaosema pikapu ipelekwe mjini inyooshwe yote na kupigwa rangi mpya, hata kama ni kwa kukopa. Wako wanaosema iuzwe kama chuma chakavu. Na wako wanaosema dereva alipe kila senti.

Mimi nasema hivi: fedha tulizo nazo ni chache, basi ziende kwanza mahali ambapo zikikosekana mtu atakufa au injini itakufa. Bati lililobonyea halijaua mtu.

1. HALI YA MFUKO

Mfuko wa matengenezo una shilingi 900,000. Daftari liko kwa mweka hazina, ye yote anaweza kuja kuliona. Gereji ya mjini imetuandikia shilingi 2,850,000 kwa kazi yote: bampa jipya, boneti jipya, taa, rejeta na rangi mbele nzima. Upungufu ni shilingi 1,950,000.

Ndugu zangu, mkopo wa ushirika haukopwi kama chumvi kwa jirani. Lazima uwe ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kukubaliwa na Mrajis. Na msimu wa kahawa unakaribia. Tukijaza ukomo wetu kwa rangi ya gari, fedha za mbolea tutazipata wapi? Halafu pikapu hii siyo ya kubebea magunia tu. Mama mjamzito akizidiwa usiku, ni hii hii inayoamshwa. Kwa hiyo kuiuza kama chuma chakavu nako ni kujikata mguu.

2. MAMBO YA POLISI NA BIMA

Tumshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Utingo wa Kenta aliumia mkono, akapewa fomu ya polisi ya PF 3, akatibiwa. Hiyo fomu wengi mnaifahamu.

Siku ile dereva wa Kenta alitoa shilingi 100,000 akasema, “Bwana, tumalizane hapa hapa.” Dereva wetu alikataa, akaita trafiki. Alifanya vizuri. Pale barabarani lilionekana bampa na taa tu. Ni fundi aliyekuja kuona baadaye kwamba rejeta imepasuka na usukani umeguswa. Ukishapokea fedha na kutia sahihi kwamba mmemalizana, ya ndani yakijitokeza utamwambia nani?

Sasa bima. Pikapu yetu ina bima ndogo. Sikilizeni maana yake. Bima ndogo inamlipa yule tuliyemdhuru sisi. Haitengenezi gari letu. Inayotengeneza na gari lako mwenyewe ni bima kubwa, nayo hatuna. Na hata hiyo ndogo, sheria inailazimisha kwa ajili ya kifo na majeraha ya watu. Kama inalipa na mali ya mtu wa pili, na kwa kiasi gani, ni mpaka usome karatasi yenyewe. Basi tuisome. Kisomo tulichohangaika nacho jioni na taa za chemli kina kazi gani kama karatasi ya bima inakaa kabatini haijasomwa?

Nani mwenye kosa? Hilo liko kwa trafiki, na mimi sitalitamka hapa. Ikionekana kosa ni la Kenta, tutadai kwa kampuni iliyokatia Kenta bima. Ikionekana ni letu, tutabeba mzigo wetu. Lakini kwa vyo vyote vile, kuna mambo matano ya kufanya, na kila mwenye gari au pikipiki hapa kijijini ayashike:

(a) Toa taarifa polisi, tena upesi. Kampuni ya bima nayo ipewe taarifa mapema kwa maandishi.

(b) Andika namba ya gari la pili, jina la dereva na namba ya stika ya bima. Stika zipo za bandia. Uhalali wake huhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

(c) Piga picha kwa simu kabla magari hayajasogezwa, kama hakuna majeruhi anayengoja.

(d) Usitengeneze kitu kabla gari halijakaguliwa na ripoti kuandikwa. Letu limekwisha kukaguliwa, ripoti tunayo.

(e) Spea zilizoharibika zisitupwe. Rejeta ile iliyopasuka ni shahidi wetu. Ikae ghalani mpaka shauri liishe.

Na kampuni ya bima ikikataa kulipa bila sababu ya haki, iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Imewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu kama sisi.

3. KIPI KITANGULIE

Sasa nije kwenye fundi. Gari lililogongwa lina madonda ya aina nne, nayo hayafanani.

Donda la kwanza ni lile linaloua watu: usukani, breki, magurudumu, mikanda ya viti na fremu. Gari likivuta upande mmoja, au usukani ukikaa upande wakati gari linakwenda mbele, au tairi likilika ukingo mmoja tu, hilo ni gonjwa. Fremu nayo tunaweza kuipima wenyewe. Mnakumbuka tunavyopima msingi wa nyumba? Tunavuta kamba kutoka kona hii mpaka kona ile, halafu kona nyingine. Kamba zikilingana, msingi uko sawa. Na fremu ya pikapu ni vivyo hivyo. Fundi alipima mbele yetu kwenye matundu ya kulia na kushoto, kamba zikalingana. Fremu yetu haikupinda. Kama ingekuwa imepinda, leo ningekuwa nasema maneno mengine kabisa.

Donda la pili ni lile linaloua injini, nalo ni rejeta. Mtu anasema, “Ah, tutakuwa tunaongeza maji njiani, twende hivyo hivyo.” Hapana, ndugu yangu. Injini ikichemsha, silinda hedi inapinda na gasketi inaungua, na hapo bei yake siyo ya rejeta tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena ye yote asifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji yale yanaruka usoni.

Wengine wameuliza kwa nini rejeta isichomelewe kwa risasi kama zamani. Zile za zamani zilikuwa za shaba, risasi inashika. Hii yetu ni ya aluminiamu na vichwa vya plastiki, na kilichopasuka ni kichwa cha plastiki. Risasi haishiki hapo. Itakuwa kutupa fedha.

Donda la tatu ni taa na indiketa. Bila hizo huwezi kutembea usiku, na trafiki atakusimamisha mchana. Taa ikishafungwa ielekezwe vizuri. Gari lisimamishwe mahali tambarare mbele ya ukuta, uone kama mwanga wa kulia na wa kushoto umelingana na hauangalii juu. Taa inayotazama juu inampofusha anayekuja, nawe unatafuta ajali nyingine.

Donda la nne ni sura: boneti lililokunjamana, bampa, rangi. Hilo linaweza kungoja, ila kutu haingoji. Mahali rangi ilipobanduka pasuguliwe kwa msasa mpaka bati ling'ae, pakauke, papakwe praima. Hapo bati litasubiri mpaka tuuze kahawa.

4. HESABU

Fundi wa hapa kwenye kata, ambaye tulimwita pamoja na wengine wawili ili tulinganishe bei, ameandika hivi:

Tairodi endi mbili mpya, na kupima magurudumu yatazame mbele sawasawa: 140,000
Rejeta ya kutumika iliyo nzima, na mipira yake: 280,000
Taa ya kulia ya kutumika, na indiketa: 160,000
Kunyoosha madigadi lisiguse tairi, na kufuli la boneti: 90,000
Jumla: shilingi 670,000

Tukiongeza 60,000 ya msasa na praima, inakuwa 730,000. Mfukoni inabaki 170,000, ambayo naomba isiguswe. Barabara yetu mnaijua.

Mtaona kwamba nimeandika spea za usukani mpya, na rejeta na taa za kutumika. Siyo bahati mbaya. Taa, bampa, mlango, boneti, hivyo ukinunua vya kutumika unaviona kwa macho kama ni vizima. Rejeta inajazwa maji na kupimwa papo hapo dukani kabla hujalipa. Lakini kitu cha usukani au cha breki kilichochakaa ndani hukioni mpaka kimekatika. Hapo tusibane shilingi. Na spea ya kutumika inunuliwe kwa muuzaji anayetoa stakabadhi. Spea isiyo na stakabadhi huenda juzi ilikuwa kwenye gari la mtu.

Fundi asipewe fedha zote mkononi. Alipwe nusu ya kazi akianza, nusu akimaliza, baada ya gari kujaribiwa likiwa tupu, polepole, mpaka wilayani na kurudi. Spea anunue mweka hazina akiwa na mjumbe mmoja wa bodi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

5. JUU YA DEREVA

Hapa naomba utulivu. Limesemwa neno kwamba dereva akatwe mshahara mpaka deni liishe, hata akae mwaka bila kitu. Nauliza, atakula nini? Na mwenye njaa akiendesha gari la wagonjwa, tumepata faida gani?

Tena sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi kwa hasara hivi hivi. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kosa lenyewe bado halijathibitishwa. Basi tunamkata kwa lipi? Shauri likiisha na ikionekana alizembea, tutamwita na kufuata sheria. Ikionekana hakuzembea, tutakuwa hatujamwonea mwenzetu. Sisi wakulima tumelalamika miaka mingi juu ya kukatwa fedha za mazao bila kuelezwa. Tusimfanyie dereva wetu lile tulilolikataa sisi.

6. NINAYOPENDEKEZA

Kwanza, mkutano uidhinishe shilingi 730,000 kwa kazi niliyoitaja, isizidi hapo bila bodi kurudi kwenu.
Pili, bampa, boneti na rangi vingoje mauzo ya kahawa, au malipo ya bima kama tutayapata.
Tatu, dereva aendelee na kazi na mshahara wake mpaka trafiki watoe jibu.
Nne, bodi ituletee bei ya bima kubwa kabla bima hii haijaisha, tuipime pamoja na thamani ya gari, tuamue tukiwa na akili timamu, siyo baada ya ajali nyingine.
Tano, stakabadhi zote zibandikwe ukuta huu huu, chini ya karatasi hii.

Najua wako watakaoona aibu pikapu ya ushirika ikipita sokoni na boneti limekunjamana. Wakicheka, waacheni wacheke. Waambieni breki zinashika, usukani umenyooka, rejeta haivuji, na hatudaiwi na mtu.

Ushirika, hoyee!

Katibu wa Tawi