Mwulizeni Aliyechora
(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nieleze kazi yangu kwa kifupi. Wengi mnajua kuwa mimi ni mwanaakiolojia, ila wachache wanajua kuwa sikuchimba sana. Kazi yangu kubwa imekuwa kuchunguza picha na sanamu zinazotuonyesha watu wa kale walivyokuwa.

Mambo haya yalianzia hapa hapa, katika darasa la Kidato cha Pili. Ukutani palikuwa na picha ya viumbe wakitembea kwa mstari. Wa kwanza ameinama kama nyani, wa mwisho amesimama wima. Yule wa mwisho alikuwa Mzungu. Mwenzetu mmoja akamwuliza mwalimu, "Sisi tuko wapi hapo?" Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Swali zuri. Mwulizeni aliyechora."

Nimekuwa nikimwuliza tangu siku hiyo.

Chukueni mfano wa Ufaransa. Mwaka 1908, huko La Chapelle-aux-Saints, ilifukuliwa mifupa ya mzee wa aina ya watu wa kale waitwao Neandertali. Mwaka 1909 gazeti la L'Illustration lilimchora kama mnyama: ana manyoya mwili mzima na rungu mkononi. Mwaka 1911 gazeti moja la London lilimchora mzee yule yule ameketi kando ya moto, anachonga zana yake kwa utulivu. Mifupa ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mawazo ya wale waliomwongoza mchoraji.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilikuta nyayo za zamadamu kule Laetoli. Walipita miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita, juu ya majivu ya volkano yaliyoloa mvua, na majivu yakakauka yakawa jiwe. Nyayo zile zatuambia kwamba walitembea wima kwa miguu miwili. Kwamba mmoja alikuwa mkubwa na mwingine mdogo. Na kwamba wa tatu alikanyaga mle mle alimokanyaga mwenzake. Hazisemi nani mume, nani mke. Hata hivyo, mwaka 1993 jumba la makumbusho la New York lilionyesha sanamu za mwanamume na mwanamke wakitembea, mkono wa mume uko begani kwa mke. Nyayo za miguu haziwezi kutuonyesha mkono ulikuwa wapi!

Lakini nisiwacheke wa mbali. Mimi mwenyewe niliwahi kuombwa nimshauri mchoraji wa picha ya ukutani juu ya nyayo hizo. Aliniletea rasimu: baba mbele na fimbo, mama nyuma na mtoto mgongoni. Nilikuwa na haraka ya safari. Nikasema, "Safi, endelea."

Baadaye nilikuwa nimesimama mbele ya picha ile, wakaja watoto wa shule. Msichana mmoja akauliza, "Mbona mama amebeba mtoto na baba ana fimbo tu?" Kiongozi wao akajibu, "Ndivyo ilivyo tangu zamani. Wataalamu wamethibitisha."

Mtaalamu mwenyewe nilikuwa pale pale. Nikanyamaza. Aibu hiyo ninayo mpaka leo. Niliandika barua kuomba picha ibadilishwe. Nikajibiwa kwamba wageni wanaipenda. Ingali ukutani.

Mwaka 2015 watafiti wa Kitanzania, akiwamo Fidelis Masao, walikuta nyayo nyingine mita kama 150 kutoka zile za kwanza. Mmoja wa waliopita hapo alikadiriwa kuwa na urefu wa sentimita 165 hivi, kuwashinda wenzake wote. Basi ile familia ya baba, mama na mtoto imezidi kutiliwa shaka. Ardhi imesahihisha kosa ambalo mimi sikuthubutu kulisahihisha kwa mdomo.

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Njia ya picha ya uongo ni ndefu, kwa kuwa mtu huitazama tu na kuondoka nayo, wala hakuna anayeibishia.

Vijana, kila mwonapo picha ya watu wa kale ulizeni mambo matatu: kilionekana nini ardhini? Kimeongezwa nini? Na aliyeongeza ni nani? Na akitokea mwenzenu akauliza, "Sisi tuko wapi hapo?", tafadhalini msimcheke. Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka.