Jumapili Moja Rohero, kwa Watoto Ambao Hawajaiona

(Muziki wa kipindi unashuka.)

Leo naongea na wewe mzazi, hasa uliyetoka Bujumbura na watoto wako wamezaliwa hapa kambini.

Juzi mtoto wa jirani aliniuliza: "Mama, eti Bujumbura kuna bahari?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa anasoma na kuandika, lakini mji wa baba yake anaujua kwa jina tu. Neno "nyumbani" analisikia mikutanoni na kwenye foleni ya mgao, na hana picha yake kichwani.

Kumpeleka akatembee hatuwezi. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na mimi sijamwona aliyepewa kibali cha kutembeza watoto. Basi tuwatembeze kwa mdomo. Jumapili hii, chukua kijiti, uchore chini.

Anza na ziwa, mstari mrefu upande wa magharibi. Mwambie ni Tanganyika, ziwa lile lile la Kigoma, la pili duniani kwa kina. Ng'ambo yake ni milima ya Kongo. Juu kidogo ya maji weka Rohero, katikati ya mji: kanisa kuu la Regina Mundi, na uwanja wenye jina la uhuru, ule wa tarehe 1 Julai 1962.

Kisha weka soko kuu. Hapo usiharakishe. Soko lile liliungua Jumapili asubuhi, tarehe 27 Januari 2013, na mali ya watu wengi ikaishia humo. Kama uliuza pale, mweleze ulikaa upande gani, uliuza nini, jirani yako wa meza alikuwa nani, ndagala zilinukaje jua likipanda. Hayo hatayapata katika kitabu cha shule. Ukifa nayo, yamekwisha.

Sasa mpandishe mlimani, Vugizo, kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Chama chake kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba, hata mwezi haujaisha, akapigwa risasi hotelini kando ya ziwa. Alikuwa na miaka 29. Ukisimama pale juu unaona mji wote na maji.

Mkiwa bado na nguvu, shukeni kusini kama kilomita 12 hadi Mugere, kwenye jiwe la Livingstone na Stanley. Wapo wanaoapa kwamba ndipo wazungu wale walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, huku huku Kigoma, na Mugere walifika pamoja Novemba 1871, wakalala siku mbili. Watoto wetu wanaishi mkoa ilikoanzia habari hiyo. Waambie, watafurahi.

Mzazi mwenzangu, jiandae kwa swali moja. Katikati ya matembezi mtoto atauliza: "Kama ni pazuri hivyo, mbona mliondoka?" Usimkemee, wala usimdanganye. Mjibu kwa kadiri ya umri wake. Kama moyo haujawa tayari, sema, "Nitakueleza," halafu siku moja umweleze kweli. Na kama wewe hukuwahi kufika Rohero, chora kilima chako mwenyewe, kisima chenu, njia ya kwenda shule.

Sisemi haya ili mtu afunge mizigo. Kurudi au kutorudi ni uamuzi wa kila familia, na mchoro wa kijiti hauamui.

Yule mtoto wa jirani nilimchorea mbele ya mlango. Alipoona kaburi, soko na ziwa, akaokota kokoto, akauliza, "Nyumba ya babu niiweke wapi?" Ilibidi tumwite bibi yake atoke jikoni aje kutuonyesha.

Tukutane wiki ijayo, saa hii hii.

(Muziki.)