Kisiki Hakijafa
(Hotuba kwa wakaaji wa Katuba na Ruashi)



Sisi makarani wa mgodi kazi yetu ni kuhesabu. Kila tani ya shaba inayotoka Katanga ina karatasi yake. Lakini miti inayokatwa kwa ajili ya mbabula zetu, nani anaiandika? Hakuna. Na deni lisiloandikwa hulipwa na watoto.

Tangu mji huu uanzishwe mwaka 1910, pori la miombo limezidi kurudi nyuma. Mifuko ya makala tunayoletewa na watu wa baiskeli inatoka mbali kuliko ile waliyonunua mama zetu. Katika tanuru la udongo, kilo moja ya makala inaweza kumeza kilo saba za kuni. Pori likiisha, uyoga nao unakwisha, na asali, na dawa.

Tusimlaumu mchoma makala peke yake. Yeye anatafuta chakula. Sisi tunapika bukari kwa makala yake. Pori tunalila sote.

Lakini sikilizeni: mti wa miombo ukikatwa, mara nyingi haufi. Kisiki chake kinachipua. Adui wa machipukizi ni jembe na moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa. Huko Ndola, ng'ambo ya mpaka, katika Zambia ya leo, jambo hili lilianza kupimwa mwaka 1933. Mahali palipochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, miti ilitoweka, zikabaki nyasi. Mahali palipokingwa na moto, msitu ulirudi.

Basi, anayekata akiache kisiki, na mahali pale papumzike miaka. Nyasi zikichomwa, zichomwe mapema, zikiwa bado na umaji. Na mashamba ya akasia yapandwe, kama huko Mampu, upande wa Kinshasa, ambako hekta 8,000 zilipandwa, na wakulima wanavuna makala, mihogo na asali katika shamba moja.

Tena sheria ipo. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaziruhusu jamii za vijiji kupewa msitu wao, hadi hekta 50,000, bure na bila mwisho. Lakini msitu hautolewi bila maombi ya maandishi, na wazee wengi vijijini hawana mwandishi.

Hapo ndipo kazi yetu. Sisi tuliosomeshwa na misioni tunajua kuandika barua. Mwaka 1960 baba zetu walidai nchi. Sisi twende kwa machifu na kalamu zetu, tuwasaidie kudai msitu, kabla hata visiki havijang'olewa.